Ahadi Tamu, Deni Chungu: Picha za Majambazi Zatufundisha Nini?

Siku hizi ukipita jioni katika vijiji vya upande huu wa mashariki ya Dodoma, pengine utasikia mlio wa bastola. Usishtuke. Si vita, wala si wezi wa ng'ombe. Ni picha ya senema inayoonyeshwa katika kibanda cha video, ambamo vijana wamebanana juu ya mabenchi, macho yote mbele. Na asiyekuwa na fedha ya kiingilio hutazama picha ile ile katika simu ya mwenzake, chini ya mbuyu, huku mbuzi wakijichunga wenyewe.

Picha wazipendazo sana ni za majambazi. Na wazazi wengi wanauliza: Je, picha hizi si shule ya wizi? Tuwakataze watoto, au tuwaache? Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa hasira tu. Basi leo natuzungumze habari za picha mbili, moja ya Nairobi na moja ya London, tusikie watazamaji wanasema nini, kisha tuone maneno hayo yanatuhusu namna gani sisi wa Mtumba na jirani zetu.

SWALI HILI SI JIPYA

Msidhani kwamba ninyi ndio wazazi wa kwanza kuogopa picha. Zamani za Waingereza serikali iliweka wakaguzi wa kutazama kila picha kabla haijaonyeshwa, maana waliogopa kwamba watu wakiona wizi na mauaji wataiga. Tena nyingine ziliruhusiwa kwa Wazungu zikakatazwa kwa Waafrika, kana kwamba macho ya mtu mweusi hayajui kupambanua mema na mabaya. Haikuwa haki hata kidogo.

Katika mwaka 1952 ilitengenezwa Tanganyika picha ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu, juu ya mtu wa shamba aingiaye mjini. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Mnamjua, ni yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1962. Basi mwaoneni: tangu picha za Kiswahili zilipokuwa bado changa, habari iliyowagusa watu ilikuwa hiyo hiyo, mtu wa shamba na hatari za mjini.

Baada ya Uhuru sisi wenyewe tulitunga sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, mwaka 1976, na mpaka leo iko Bodi ya Filamu ya kukagua picha na kusema ipi yafaa watu wa umri gani. Lakini hakuna bodi inayokaa ndani ya simu ya kijana. Mkaguzi wa mwisho ni mzazi.

PICHA YA NAIROBI

Picha ya kwanza yaitwa Nairobi Half Life, maana yake ni kama kusema "Nusu ya Maisha ya Nairobi". Ilitoka mwaka 1912? Hapana, ni ya juzi tu, mwaka 2012. Aliyeiongoza ni Mkenya, Bwana David Gitonga, ajulikanaye kwa jina la Tosh. Watu wake wanasema Kiswahili, Kikuyu, Kiingereza na ile lugha ya vijana wa Nairobi iitwayo Sheng. Kwa hiyo mtu wa Dodoma anaweza kuifuata sehemu kubwa bila mkalimani.

Habari yake ni hii. Kijana mmoja jina lake Mwas anakaa shamba. Kazi yake ni kuuza sahani za picha, na ili kuvuta wanunuzi huigiza mbele yao yale yaliyomo ndani, akipiga kelele na kurukaruka mpaka watu wanacheka. Ana kipawa kweli. Siku moja kundi la wachezaji linapita kijijini, na mmoja wao anamwambia kwamba akitoa fedha atamfungulia mlango wa kuwa mchezaji Nairobi. Binamu yake naye, aliyezoea biashara zisizo safi, anampa redio ya gari akaiuze mjini. Basi Mwas anaondoka na furaha tele.

Nairobi inampokeaje? Kabla jua halijatua amekwisha kunyang'anywa redio, fedha na mzigo wake. Kisha anakamatwa katika msako wa polisi na kutupwa mahabusu, ambamo wafungwa wenziwe wanamlazimisha kusafisha choo kichafu kisichosemeka. Humo ndimo anamokutana na Oti, mkubwa wa genge dogo la wezi. Oti anamwonea huruma. Mtu wa kwanza aliyemtendea wema mjini ni mwizi! Angalieni sana jambo hili, nitalirudia.

Wanaanza na kung'oa vioo na vipuri vya magari. Halafu vipuri havitoshi, wanataka magari yenyewe, na pamoja na magari zinakuja bunduki. Wakati huo huo Mwas anapata nafasi ya kucheza katika tamthilia ya haki, jukwaani, pamoja na watu wa heshima. Mchana ni mchezaji, usiku ni mwizi. Ndiyo ile nusu ya maisha. Polisi nao wako waovu, wanakula pamoja na wezi, na siku mambo yanapoharibika wanawamaliza kwa risasi ili siri isitoke. Mwas anaokoka peke yake, na usiku ule ule anapanda jukwaani kucheza, na rafiki zake wamelala maiti.

Picha hii ilisifiwa sana. Kijana Joseph Wairimu, aliyecheza kama Mwas, alipewa tuzo ya mchezaji bora huko Durban mwaka 2012, na Kenya iliichagua kuipeleka Marekani kushindania tuzo za Oscar, mara ya kwanza kwa nchi hiyo kupeleka picha yake.

PICHA YA LONDON

Picha ya pili ni ya mwaka 2007. Jina lake Eastern Promises, yaani "Ahadi za Mashariki". Aliyeiongoza ni Mkanada, Bwana David Cronenberg. Inahusu majambazi wa Kirusi walioweka makao London, ugenini, na ni picha ya kutisha kweli kweli. Dakika chache tu tangu mwanzo mtu anachinjwa kwa kinyozi. Haifai watoto hata kidogo. Naiweka hapa ili ninyi wakubwa mjue kilichomo.

Msichana wa miaka 14, jina lake Tatiana, anaanguka dukani akitoka damu. Anapelekwa hospitali, anazaa mtoto wa kike, naye anakufa. Mkunga aliyemhudumia, Anna, anaona katika vitu vyake kitabu kidogo alichokuwa akiandika habari zake kwa Kirusi, na ndani yake kadi ya hoteli moja ya chakula. Mkunga anataka kuwajua ndugu wa mtoto, basi anakwenda pale hotelini kuuliza.

Mwenye hoteli ni mzee mpole, Semyon. Anapika mwenyewe, anampa Anna chakula kizuri, anacheza na watoto wadogo, anajitolea kumfasiria kitabu kile. Nani angemshuku? Kumbe huyo ndiye mkubwa wa majambazi, na ndiye aliyemharibu yule msichana. Kijana wake amwendeshaye gari, Nikolai, aliyechezwa na Viggo Mortensen, amejaa michoro ya chale mwilini, maana wezi wa Kirusi huandika habari zao zote juu ya ngozi kama sisi tuandikavyo katika cheti. Huyo anatisha kumtazama, lakini siri ya moyo wake siisemi.

Kitabu cha Tatiana kinaeleza kwamba baba yake alifia migodini huko kijijini kwao, naye akaondoka kutafuta maisha mema. Basi. Hakuwa mwizi, hakuwa malaya. Alikuwa mtoto wa kijijini aliyesadiki ahadi.

Je, watazamaji walisemaje? Mwaka ule ule 2007 katika tamasha kubwa la picha la Toronto, Kanada, watazamaji wenyewe walipiga kura, wakaipa picha hii tuzo ya kupendwa kuliko zote.

MAONI YA WATAZAMAJI

Ukisimama nje ya kibanda cha video watu wanapotoka, maoni utakayosikia juu ya picha za namna hii ni ya aina tatu.

Wa kwanza husema: "Ni mbaya, zifungwe." Hawa kwa kawaida ni wazee, nao wana hoja. Husema kijana asiyejua kufungua gari atajifunza kulifungua, na yule aliyekuwa akiogopa damu ataizoea kama mchinjaji. Tena husema matusi yaliyomo hayafai kusikiwa na mama na mwana wakikaa pamoja. Ni kweli. Mtoto wa miaka kumi hana kazi kabisa katika picha hizi, na mwenye kibanda anayepokea sarafu yake amekosa.

Wa pili husema: "Ni mchezo tu. Mwizi ni mwizi hata kama hajaona picha." Hawa wengi ni vijana. Nao wana nusu ya ukweli. Magenge ya wizi yalikuwako kabla ya senema, na wizi wa ng'ombe haukuletwa na video. Lakini wanajidanganya wakisema mchezo hauna nguvu. Wenye kukumbuka kanda za marehemu Lufufu, yule Derek Mukandala aliyekuwa akizisimulia picha za ng'ambo kwa Kiswahili, wanajua jinsi sauti moja ilivyoweza kuwaliza na kuwachekesha watu kibanda kizima. Kama mchezo hauna nguvu, mbona mlilia?

Wa tatu ni wachache, na mara nyingi ni akina mama. Wao hawaulizi bastola ilikuwa ya namna gani. Huuliza: "Yule kijana aliondokaje kwao? Nani alimpa ruhusa? Yule binti nani alimlipia nauli?" Wasomaji wapenzi, mimi nasema hawa ndio waliotazama picha vizuri kupita wote.

AHADI NI DENI, LAKINI LA NANI?

Sisi Waswahili husema ahadi ni deni. Maana yake aliyeahidi ndiye mdaiwa. Nikikuahidi debe la mtama, wewe ndiwe utakayekuja mlangoni kwangu kunidai.

Sasa tazameni ujanja wa majambazi. Wao huigeuza methali hii juu chini. Wao wanaahidi, na deni linakuwa la yule aliyeahidiwa! Mwas aliahidiwa nafasi ya kuwa mchezaji; mara akajikuta anadaiwa redio ya binamu yake, iliyoibwa hata kabla hajaiuza. Ndivyo ilivyo na wasichana wanaovushwa mipaka katika dunia hii yetu: wanaahidiwa kazi, na wakifika wanaambiwa, "Nauli tulikulipia, chakula unakula, nyumba unalala. Fanya kazi mpaka deni liishe." Na deni lile haliishi, maana mwenye kuandika hesabu ni yule yule mwenye kudai.

Wala msidhani jambo hili ni la Warusi na London tu. Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake Watanzania waliokwenda kufanya kazi za nyumbani katika Oman na Falme za Kiarabu. Wengi wao walieleza kwamba walinyang'anywa pasipoti, walifanya kazi saa 15 na zaidi kwa siku bila siku ya kupumzika, na wengine walinyimwa mshahara au walipigwa. Hawakuibwa usiku kwa kamba. Waliondoka kwao mchana, wakiagwa, kwa sababu ya ahadi. Wako waliofika kwa waajiri wema wakarudi na faida. Hilo nalo ni kweli. Lakini ahadi ile ya mwanzo ilikuwa moja kwa wote, na sauti yake ilikuwa tamu vile vile.

Jambo la pili la kushika ni lile nililosema nitalirudia. Katika picha zote mbili, mwovu hakuja na sura mbaya. Oti alikuwa rafiki, Semyon alikuwa mzee mpishi mwenye adabu. Watoto wetu tumewafundisha kumwogopa mtu mwenye kovu na macho mekundu. Hatukuwafundisha kumwuliza maswali mtu mpole aliyekuja na zawadi ya sukari na kanga.

HAPA MTUMBA

Zamani kijana wa Ugogo aliyetaka mji alipaswa kuufuata mbali. Njaa ikipiga, mvua ikikatika mwezi wa pili na uwele ukikauka, wavulana waliondoka kwenda Dar es Salaam kubeba mizigo, na wasichana kwenda kulea watoto wa watu. Wengi wangali wanaondoka mpaka leo.

Lakini sasa mji nao umekuja wenyewe. Uamuzi wa kuhamisha makao makuu kuja Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Ukakaa miaka mingi. Halafu tarehe 13 Aprili 2019 Rais John Magufuli akauzindua Mji wa Serikali hapa hapa Mtumba, kilomita kama 17 tu kutoka Dodoma mjini. Palipokuwa mashamba na vichaka pamesimama majumba ya wizara. Pamoja na majumba wamekuja mafundi, madereva, wapangaji, wafanyabiashara, watu wema kwa wingi. Na penye wengi pana mengi. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam kwa saa chache, safari ambayo zamani ilikuwa ya kutwa nzima.

Haya ni maendeleo, nasi tunafurahi. Lakini fahamuni kwamba ahadi nazo zinasafiri haraka zaidi. Mtu aliyekuwa akihitaji siku mbili kumtoa binti kijijini, leo anaweza kumtoa asubuhi, na saa sita mchana akawa amekwisha fika pasipojulikana. Mwas alipanda gari akaenda Nairobi. Watoto wa Mtumba hawana haja ya kupanda gari. Nairobi yao iko ng'ambo ya barabara.

YAFAA TUFANYE NINI?

Kwanza, watoto wadogo wasiingie kabisa katika picha za majambazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mwenye kibanda aambiwe na wazee wa kijiji, kwa upole kwanza. Asiposikia, iko serikali.

Pili, kijana mkubwa aliyekwisha kutazama, usimpige wala usimfukuze. Kaa naye. Mwulize: "Mwas alikosea wapi?" Wengi watajibu, "Alikosea alipoanza kuiba." Endelea kumwuliza: "Je, kabla ya hapo?" Mpeleke nyuma polepole mpaka mfike nyumbani kwake, siku ile aliyopewa redio asiyojua ilitoka wapi. Hapo ndipo somo lilipo. Kuuliza si ujinga, na mtoto aliyezoea kuulizwa nyumbani atazoea kuuliza ugenini.

Tatu, mtu akija na ahadi ya kazi kwa mwanao, awe jirani, awe shangazi, awe mgeni mwenye gari, mwulizeni maneno manne kabla hamjampa chai ya pili. Tajiri ni nani, na nyumba yake iko wapi hasa? Mshahara ni kiasi gani, na utalipwa mkononi mwa nani? Kitambulisho na pasipoti vitashikwa na nani? Na mtoto akitaka kurudi, nauli ya kurudi iko wapi? Mtu mwema hatachukia maswali haya. Akikasirika, mmekwisha pata jibu lenu.

Nne, msafiri asiondoke kimyakimya. Jina la tajiri na namba ya simu viandikwe, nakala ibaki nyumbani na nyingine kwa mtendaji. Tunayo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu. Katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto. Na iko namba ya simu 116 kwa ajili ya kusaidia watoto. Lakini sheria haiwezi kumtafuta mtu ambaye hata mama yake hajui alikwenda kwa nani.

Tano, na hili ni gumu kuliko yote: mpeni kijana sababu ya kukaa, au njia njema ya kuondoka. Mwas alikuwa na kipawa, na kijijini hapakuwa na mtu aliyekijali isipokuwa tapeli. Tatiana alitaka maisha mema, na aliyemsikiliza alikuwa mwovu. Kijana anayetamani kuwa fundi, mchezaji, dereva au mwalimu, tukimcheka, tunamwachia mtu mwingine nafasi ya kumsikiliza. Na mtu huyo huwa hakawii kutokea.

Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wazee. Ni kweli, lakini si kila anayeondoka anasukumwa na tamaa. Wengine wanasukumwa na njaa, wengine na ndoto safi kabisa. Hao hawahitaji kukaripiwa. Wanahitaji mtu mzima atakayeishika ile ahadi waliyopewa, aigeuze huku na huku kama mnunuzi ageuzavyo mbuzi mnadani, aitazame meno na miguu, kabla hawajailipia kwa maisha yao.

Basi, baba na mama, jioni hii mkisikia mlio wa bastola katika kibanda, msitosheke na kutikisa kichwa. Ulizeni ni picha gani, na nani wamo ndani. Na picha ikiisha, mwiteni mwanenu karibu, mwambieni awasimulie tangu mwanzo.